Mkate wa Kujaza: Chai ya Asubuhi Yenye Kitu Ndani

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

    Wewe uliye kwenye kikundi cha kusikiliza, uliyeshika karatasi hii mkononi, soma polepole ili wenzako wakufuate, maana leo kuna vipimo vya kukumbuka.

Leo tunaingia jikoni. Najua kuna mama anacheka huko: huyu kijana wa redio ndiye anataka kunifundisha mbaula yangu? Hapana, mama. Haya nitakayosema nimeyaokota kwa mama zangu wa hapa hapa kambini, na kwa wauza chapati wa sokoni ambao huamka kabla ya jogoo. Mimi nimeyapanga tu, na pale penye mambo ya afya nimeuliza wanaojua.

Jambo lenyewe ni hili. Nyumba nyingi hapa Dzaleka, asubuhi ikipatikana chai, inakuwa chai ya sukari na kipande cha mkate mtupu. Siku nyingine andazi moja linagawanywa kwa watoto wawili. Mtoto anakwenda shule na tumbo limetulia. Ikifika saa nne, kichwa kiko kwenye dawati. Mwalimu anadhani ni mvivu. Si mvivu, njaa imerudi. Sukari na mkate mweupe ni kama nyasi kavu kwenye mbaula: moto mkubwa, kisha majivu. Kinachokaa kama kaa la mti mgumu ni protini na mafuta kidogo, yaani maharage, karanga, yai, dagaa. Vitu hivyo vikiingia ndani ya mkate, mtoto anafika mchana akiwa bado yuko darasani kwa akili, siyo kwa mwili tu.

Utaniambia: wewe kijana, hata huo mkate wenyewe umetushinda bei. Ni kweli, na tuseme sababu, kwa sababu ukijua sababu utajua pa kupunguza. Ngano karibu yote inayoliwa Malawi inatoka nje ya nchi, na inanunuliwa kwa dola. Mwezi wa tano mwaka 2022 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 25. Mwezi wa 11 mwaka 2023 ikashusha tena, asilimia 44. Mkate hauna masikio, lakini habari hizo ulizisikia siku ile ile. Na sisi wakimbizi msaada wa chakula unatufikia kama fedha, tena fedha iliyopunguzwa zaidi ya mara moja. Mkate umepanda, mfuko umeshuka.

Kuna ndugu zetu waliokuwa na maduka mjini Lilongwe, kule Nsungwi ndani ya Area 25 na sehemu nyingine, kisha mwaka 2023 ilipotoka amri ya wakimbizi kurudi kambini wakarudi. Hao walizoea kufungua duka, kuchukua mkate kwenye rafu, kupaka siagi na kuendelea na kazi. Hapa hakuna rafu. Kwa hiyo kipindi hiki ni chenu pia, na nawasalimu kwa jina.

Sasa tazama upande wa pili. Viazi vitamu vinalimwa hapa hapa wilaya ya Dowa. Maharage yanalimwa. Karanga zinalimwa. Lenga-lenga inaota hata nyuma ya choo, ingawa hiyo ya nyuma ya choo tuiache. Hivi vyote havingojei meli. Kwa hiyo ujanja wa leo ni mmoja: ngano kidogo, vya shambani vingi.

Tuanze na mkate wenyewe, na tunauanza jioni, siyo asubuhi. Mama anayeanza kukanda unga saa kumi na moja alfajiri, watoto watamwacha bado anakanda.

Jioni, chemsha viazi vitamu viwili vya kati na maganda yake. Vikiiva, menya na uponde mpaka upate kikombe kimoja kilichojaa. Ukipata vile vya rangi ya chungwa ndani, ambavyo Wamalawi wanaviita kadyaubwerere, chukua hivyo, vina vitamini A inayosaidia macho na ngozi ya mtoto. Viache vipoe. Changanya na vikombe viwili vya unga wa ngano, kijiko kidogo nusu cha hamira, sisi wa Kongo tunasema levire, kijiko kidogo nusu cha chumvi na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta. Sukari hauhitaji, kiazi kina utamu wake. Ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, mkono ukikuambia basi, unaacha. Viazi vingine vina maji mengi, kwa hiyo usimwage nusu kikombe kwa mara moja halafu ukalaumu redio. Kanda dakika kumi. Paka mafuta juu, funika kwa kitambaa safi na sahani, ulale.

Hamira ni kidogo kwa makusudi, kwa sababu ina usiku mzima wa kufanya kazi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Dowa unaijua, donge linaweza kulala kama mtu mwenye homa. Lisogeze karibu na mbaula iliyozimika, au lifunge ndani ya blanketi kuukuu. Mwezi wa kumi, joto likiwa kali, fanya kinyume: liweke chini sakafuni, na punguza hamira tena.

Asubuhi gawa donge mara sita. Tandaza kila moja kwa mkono, unene wa kidole, upana wa kiganja. Weka kikaango kwenye makaa machache, siyo moto wa harusi. Paka mafuta kidogo sana, panga mikate, funika. Dakika sita au saba upande mmoja, geuza, tena hivyo hivyo. Ukigonga ukasikia sauti ya tupu ndani, imeiva. Una mikate sita kwa vikombe viwili vya unga. Kwa unga huo huo bila kiazi ungepata minne, mitano kwa kubana.

(Muziki mfupi.)

Sasa tufike kwenye ndani ya mkate. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Watu wengi wakisikia kifungua kinywa kizuri wanawaza mayai. Yai ni zuri, sibishani. Lakini tupige hesabu. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina karibu gramu 15. Maana yake kikombe kimoja cha maharage kinazidi mayai mawili. Nenda sokoni leo, uliza bei ya mayai mawili, kisha uliza bei ya maharage makavu yatakayotoa kikombe kimoja yakiiva. Jibu utalipata mwenyewe, na utalipata kwa bei ya leo, maana nikitaja bei hapa redioni, wiki ijayo mtaniita mwongo. Kwangu mimi, yai ni mgeni, maharage ndiyo mwenye nyumba. Mgeni anapendezesha meza, lakini hawezi kubeba nyumba.

Kwa mikate sita, tumia kikombe kimoja na nusu cha maharage yaliyoiva na mayai mawili tu. Mayai mawili kwa watu sita, ndiyo. Utaona.

Kata kitunguu kimoja na nyanya mbili ndogo. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo mpaka kilainike, tia nyanya, chumvi, pilipili kwa wakubwa. Mwaga maharage pamoja na supu yake kidogo, yachemke vizuri, kisha uyaponde humo humo kwa mwiko mpaka yawe mazito, yapakike kama siagi. Toa. Kwenye kikaango hicho hicho, usikioshe, ladha iko humo, mimina mayai mawili uliyoyapiga pamoja na lenga-lenga iliyooshwa na kukatwa nyembamba, viganja viwili vilivyojaa, na kijiko kimoja cha unga. Tandaza yawe membamba kama karatasi. Yaive kabisa pande zote mbili, yasibaki na majimaji. Yakunje, uyakate vipande sita.

Pasua mkate ubavuni, usiufikishe mwisho, ubaki kama kitabu. Paka maharage kwa ukarimu, weka kipande cha yai juu yake, funga. Mtoto anashika kwa mkono mmoja na njia ya shule anaiona.

Wakati hakuna yai, na siku hizo ni nyingi, weka karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Au dagaa wakavu, wale Wamalawi wanaowaita usipa, sisi wa Uvira na Baraka na majirani zetu wa Bujumbura tunawaita ndagala. Waoshe kwa maji moto, wakaange mpaka wakauke, waponde na nyanya. Wanakwenda na mifupa yake, na mifupa hiyo ina madini ya kujenga mifupa ya mtoto. Msimu wa avoka ukifika mambo ni rahisi zaidi: avoka, chumvi, kitunguu kibichi, matone ya limau lisigeuke jeusi. Avoka ina mafuta mengi mazuri, lakini protini yake ni ndogo, kwa hiyo usiyafukuze maharage kwa sababu avoka amefika.

Sasa naomba niwe mkali kidogo kama shangazi.

Kwanza, maharage ya jana. Wengi wetu hatuna friji. Ukipika maharage jioni, toa mapema yale ya asubuhi, kabla hujatia kitunguu na mafuta. Yaweke kwenye sufuria safi, ufunike, usimamishe sufuria ndani ya beseni la maji ya baridi. Asubuhi yachemshe tena kwa nguvu kabla ya kuponda. Yakiwa na povu au harufu ya uchachu, mwaga. Najua kumwaga chakula kunauma. Lakini kuhara kwa mtoto mdogo kunakula zaidi ya kikombe cha maharage. Siku za joto kali, pika ya kula siku hiyo hiyo tu.

Na kwa kuwa makaa nayo ni fedha: loweka maharage tangu asubuhi, mwaga maji ya kulowekea, yachemshe kwa moto mkali dakika 30, kisha funga sufuria na mfuniko wake ndani ya blanketi au kapu lenye nguo kuukuu, uyaache masaa manne. Yataendelea kuiva yenyewe bila kaa hata moja, ukirudi unamalizia kidogo. Ule mchemko wa kwanza usiupunguze, hasa kwa maharage mekundu, yana sumu ya asili ambayo moto mkali tu ndio unaiondoa. Kuyatia tu kwenye blanketi yakiwa vuguvugu ni kuwaumiza watu tumbo.

Pili, karanga. Chambua kwa mkono na kwa macho. Iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, chungu mdomoni, itupe, na usimpe hata kuku. Ukungu huo unaacha sumu inayoitwa aflatoksini, inaharibu ini pole pole. Kukaanga hakuiui. Kutwanga kunaificha tu. Ndiyo maana karanga zilizosagwa tayari, za bei rahisi ajabu, mimi siziamini: huoni kilichosagwa.

Tatu, yai. Litie kwenye maji kabla ya kulivunja. Likilala chini, ni zuri. Likielea juu, limezeeka, liache.

Nne, na hili nalisema kwa heshima, kwa sababu najua linafanyika na najua kwa nini linafanyika. Kile chiponde cha pakiti kinachotolewa kliniki kwa mtoto aliyepungua sana uzito si cha kupaka mkate wa nyumba nzima. Kinafanana na siagi ya karanga, ni kitamu, na wakubwa zake wanakiangalia kwa macho ya njaa. Lakini kile ni dawa yake. Pakiti zimehesabiwa kwa kilo zake yeye. Kila kijiko kinachoingia kwenye mkate wa kaka yake kinamrudisha yeye nyuma. Watengenezee wale wakubwa karanga zao, au maharage yao, wale pamoja naye kila mtu na chake. Na kama mtoto wako amekonda, miguu imevimba, au hataki kula, usingoje kipindi kijacho, mpeleke kituo cha afya leo.

Halafu kuna chai. Sitakunyima chai, nani angenisamehe? Ila chai ya majani inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Mama mjamzito na msichana aliyeanza hedhi wanayahitaji sana. Ukiweza, mkate uliwe kwanza kwa maji au uji, chai ije baadaye, saa moja hivi. Na kitu chenye uchachu wa tunda, pera, limau, nyanya, kinafanya kinyume cha chai: kinaufungulia mwili mlango. Nusu ya pera baada ya mkate ni kitu kidogo chenye kazi kubwa, na mapera yakiwa msimu wake hata watoto wanayapata bila kuuliza mtu.

Neno la sandwichi, kwa anayeuliza, limetoka Uingereza karne ya 18, kwa bwana mkubwa John Montagu wa Sandwich. Husimuliwa kwamba aliomba nyama katikati ya vipande vya mkate ili asiache meza ya karata. Alikuwa na nyama, na muda wa kucheza karata. Mimi mfano wake haunigusi sana. Unanigusa mfano wa Kampala. Kule Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, wauza chapati, wengi wao kutoka Busoga, walianza kukunja yai la kukaanga na nyanya na kabichi ndani ya chapati. Wateja wao walikuwa wanafunzi wasio na fedha wala muda. Wakaiita rolex, na jina halikutoka kwenye saa ya mkononi, ni yai la kukunjwa kwa Kiingereza, likatamkwa kwa ulimi wa kwetu. Leo rolex ina tamasha lake tangu mwaka 2016, na mwaka 2021 ilipikwa moja ya zaidi ya kilo 200 ikaingia kwenye kitabu cha rekodi za dunia. Ilianzia kwenye mbaula ya pembeni ya barabara.

Kwa hiyo wewe dada, wewe kaka unayefikiria kuuza, usidharau. Anza na mikate 12, siyo 60. Andika kwenye daftari kila kitu kilichoingia, mpaka makaa na chumvi, gawa kwa idadi ya mikate, ndipo uweke faida. Asiyehesabu makaa huuza siku nzima akala mtaji wake bila kujua. Nawa mikono mbele ya wateja, wakuone. Pokea fedha kwa mkono mmoja, gusa chakula kwa mwingine, au tumia karatasi. Na yai lisiwe lazima: uza wa maharage kwa bei ya chini, wenye yai kwa bei ya juu, mteja achague kulingana na mfuko wake.

Na wewe ambaye leo hii unga wa ngano hauna hata kijiko? Chukua kiazi kitamu kilichochemshwa, kipasue katikati kwa urefu, tia maharage yaliyopondwa, funga kwa jani la mgomba. Tayari. Ni mkate wa kujaza usio na mkate. Miezi ya Januari mpaka Machi, kabla mahindi mapya hayajavunwa, hata kiazi kinaadimika. Hapo majirani watatu huweza kuungana: huyu ana maharage, huyu makaa, huyu mafuta ya kijiko. Nimeona mlango ambako Mbembe, Mrundi na Mnyarwanda wanapika sufuria moja asubuhi, wanagawa kwa idadi ya watoto, siyo kwa idadi ya nyumba. Ugomvi wao ni mmoja tu, pilipili.

Kama nyumbani kwako mnajaza mkate kwa kitu ambacho sikukitaja, mwambie kiongozi wa kikundi chako cha kusikiliza aandike na kutuletea studioni kabla ya Alhamisi. Tutavisoma hewani, pamoja na jina la mtaa. Kipindi kijacho tunazungumza juu ya makaa, na namna ya kutengeneza lile kapu la kuivishia kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba.

Kwa sasa, aliye na viazi aviweke motoni jioni hii. Hamira nusu kijiko. Nusu.

(Muziki unapanda.)